Dagaa wa Rose

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Rose huchukua bakuli lake la plastiki, hulijaza unga wa muhogo hadi kwenye mstari aliouchora ndani kwa ncha ya kisu, kisha hutia maji kidogo kidogo huku akikoroga. Unga ukilowa hushuka. Yeye huendelea kutia maji mpaka unga upande tena na kuufikia mstari. Ndipo huutandaza mkekani, mwembamba, na kuuacha juani. Ugali wa mchana hausongwi kabla ya hapo.

Tahiri, jirani anayemletea maji kwa baiskeli, hajaizoea kazi hiyo mpaka leo.

"Dada Rose, Kitangari nzima watu wanaoga kwa kikombe, wewe unauogesha unga!"

"Unga ukioga unatakata. Wewe je?"

Tahiri hucheka, akashusha madumu na kwenda zake. Rose naye hujivuta kwa fimbo zake mbili, magoti yakisuguana, ncha za vidole tu zikigusa ardhi, akaketi kivulini kubangua korosho. Ana miaka thelathini na mbili. Ametembea hivyo tangu utotoni.

Mwaka mmoja, Rose akiwa bado mtoto wa shule, mvua ilikatika mapema. Mahindi yakakauka, maua ya mikorosho yakapukutika, ukabaki muhogo mchungu. Muhogo huo una taratibu zake: humenywa, hulowekwa, huanikwa siku nyingi ndipo ukatwangwa. Lakini maji ya kulowekea hayakuwepo, na njaa haikungoja. Mama yake Rose aliutwanga mbichi, akauanika, akautwanga tena, jioni ukawa ugali. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Baada ya wiki kadhaa Rose alikwenda kuchota maji, na njiani miguu ikamkakamaa. Alirudishwa mgongoni. Wengine walisema amerogwa. Hospitalini, kule Masasi, waliambiwa miguu hiyo haitarudi kama zamani. Shule ikaishia hapo. Mama alifariki miaka michache baadaye, bila kujua amlaumu nani.

Mdogo wake, Isabela, alikuwa mtoto wa miaka sita. Alikula ugali uleule, katika sinia lilelile, na hakupatwa na kitu. Alikua, akasoma hadi chuo kikuu, na sasa anafundisha baiolojia katika sekondari moja mjini Newala.

Ni chuoni, katika somo la kemia ya viumbe hai, ndiko alikoyapata yaliyomnyima raha. Mhadhiri aliuchukua muhogo kuwa mfano. Ndani ya seli zake, alieleza, mna sukari iliyofungamana na sumu, na mna kimeng'enya kinachoweza kuifungua. Kila kimoja kimekaa mahali pake. Ukiziponda seli, vinakutana, na sumu inaachiliwa ipae hewani, mradi ipewe maji na muda. Isipopaa, inaliwa.

"Na ikishaliwa?" mwanafunzi mmoja akauliza.

Mwili huituliza kwa salfa, mhadhiri akajibu, na salfa hiyo tunaipata kwenye protini: nyama, mayai, samaki. Asiyepata protini hana cha kujikingia.

Isabela hakuandika tena siku hiyo.

Maana mwaka ule wa njaa mama yao alikuwa akipata dagaa, konzi moja leo, konzi moja wiki ijayo, akiwagawia mabinti zake sawasawa. Na kila mama alipogeuza uso, Rose alisukuma dagaa wake upande wa mdogo wake.

"Kula wewe. Mimi siwapendi. Wananikodolea macho."

Isabela alicheka, akawala wote, na macho yao.

Likizo ile alirudi nyumbani akamfundisha dada yake kuulowesha unga. Habari za sumu alimweleza. Za dagaa alizimeza. Alijua hakuna anayeweza kuapa kwamba dagaa wachache wangeiokoa miguu ya mtu. Alijua pia kwamba, kama Rose hakuwapenda kweli, basi yeye hakula haki ya mtu. Na kama aliwapenda? Hapo aliliacha wazo njiani, kila mara. Miaka yote hiyo hakununua dagaa.

Mpaka Jumamosi moja, alipokuwa na kipindi cha protini cha kuandaa na kimemshinda. Alipita sokoni Newala, akapanda gari la Kitangari akiwa na mfuko mapajani. Alimkuta Rose ameinama juu ya mkeka wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwalimu. Mbona umekonda? Hao wanafunzi wanakutafuna?"

"Wananitafuna."

"Na huo mfuko?"

"Dagaa."

Rose akautazama mfuko. Isabela akachuchumaa ng'ambo ya mkeka. Alijitahidi kuangalia unga, lakini macho yalimpeleka kwenye zile fimbo mbili zilizolazwa pembeni, zimelainika mahali pa kushikia.

"Dada, wakati ule wa njaa. Kweli ulikuwa huwapendi?"

Rose alitandaza unga kwa kiganja, akaziba sehemu iliyoachana, akajifuta mkono kwenye kanga.

"Nilikuwa nawapenda," akasema.