"Anazungumza Lugha ya Kwao"

Kumekucha Montreal Kaskazini, theluji inagonga dirisha, na Yolette Bazelais anamsugua mzee Gagnon mgongo kwa kitambaa cha maji moto huku akifoka. Anayefokewa hayupo chumbani.

"Eti lugha ya kwao! Kwao wapi? Miaka ishirini na tano niko hapa, nawaogesha baba zao!"

Mzee anacheka. "Bado hujamaliza tu, Yolette?"

"Hata sijaanza, baba. Inua mkono."

Yolette, 51, ni Mhaiti na mhudumu wa wazee. Mwaka juzi mwongozaji filamu, Antoine Lachapelle, alifika katika kituo hiki cha wazee akitafuta mhudumu halisi wa kuigiza katika filamu yake kuhusu familia inayomuuguza bibi. Filamu yenyewe ndogo, ya kujichangisha, isiyo na kampuni kubwa nyuma yake.

Mwishoni mwa filamu bibi anakata roho, mhudumu yuko kando yake. "Sema chochote kwa Kikrioli chenu, mama," Antoine alimwambia, "kitoke moyoni tu."

Kikatoka kweli. Mama mzazi wa Yolette alifariki Jacmel, kule Haiti, wakati hakuna ndege inayotua, na bintiye hakumzika. Basi akamwinamia yule mwigizaji aliyelala, akasema yaliyokuwa yamemkaa kooni: "Mama, nenda polepole. Usigeuke nyuma. Watoto wameshakula. Nisamehe, sikuja."

"Walilia wote, hadi mshika kamera," anakumbuka.

Mwezi uliopita filamu ilioneshwa katika ukumbi wa mtaa, mbele ya jopo la kutathmini inavyowawakilisha watu wa asili mbalimbali. Yolette alikaa mbele, gauni jipya mwilini. Jirani Mtaliano wa kwenye filamu alitafsiriwa kwa Kifaransa chini ya skrini, hadi matusi yake. Ikaja zamu ya Yolette. Pakaandikwa: "Anazungumza lugha ya kwao."

Jopo halikuona kasoro. Profesa mmoja alieleza kwamba waigizaji saba kati ya kumi na wawili ni weusi, akaipa filamu alama za juu. Hapo Yolette akasimama.

"Mmetuhesabu vichwa kama mbuzi!" alisema. "Mtaliano katukana, mmeandika. Mimi namuaga mama yangu, mmeandika nini?"

Antoine, masikio yamemwiva, alijibu kwamba alitaka kuacha fumbo.

"Fumbo la nani? Nusu ya ukumbi huu wamenielewa. Hujui wewe, na hukuniuliza!"

Viti vya nyuma Wahaiti walikuwa wanafuta machozi.

Ketleine, mwenzake kazini, anaona anajichosha bure. "Funika kombe mwanaharamu apite, shoga. Wewe angalau umeonekana."

"Nimefunika tangu nije nchi hii," Yolette anamjibu, "na wanaharamu hawaishi kupita!"

Filamu itaoneshwa kwenye televisheni kabla ya Pasaka. Mjukuu wake, Nadège, kazaliwa hapa na anajua Kifaransa tu. Hilo ndilo linalomchoma Yolette.

"Atamwona bibi yake anaongea, halafu asome kwamba ni lugha ya kwao? Kwao nani, kama si kwake yeye?"

Jana Antoine alipiga simu. Yuko tayari kuandika "Kwaheri, mama," basi. Kamera ilikuwa karibu mno, alisema; maneno yote yakiingia yataziba uso wa Yolette, na uso huo ndio kila mtu anausifia.

Yolette anamfunga mzee kifungo cha mwisho cha shati.

"Nimemwambia aandike yote," anasema. "Uso auzibe."