Mugeni, samaki wa Papa

Harufu ya dawa ya maji, ile wanayotia ndani ya bidon, dumu za kuchotea maji, kule kando ya ziwa, inaingia nyumbani mwangu kabla ya mutu anayeibeba. Mujukuu wangu anafika, anatua bidon mulangoni, anafungua kifuniko, na mimi naacha kiti changu natoka inje. Wa nyumba wamezoea. Wanasema koko, ndiye bibi yao, anatafuta upepo. Sijawaambia kitu ninachokimbia. Ninyi nitawaambia, kwa sababu hamunijui, na huruma ya mutu asiyekujua haichoshi.

Munisamehe na uandishi wangu. Shule niliacha mwaka wa tatu wa primeri, na si kwa ujinga, maana kusoma nilikuwa nasoma vizuri kuliko Mama. Niliacha kwa sababu ya maji. Hapa Goma ziwa liko hapo chini, kubwa, linang'aa, na sisi tuko juu ya mawe meusi ya mulima wa moto ambayo hayashiki hata tone. Basi musichana wa kwanza wa nyumba ndiye alikuwa bomba. Mimi ni Masika, na kwetu Wanande jina hilo linasema hivyo tu, musichana wa kwanza. Bidon ilikuwa yangu, mukanda wa kubebea pia wangu, ule unaopita kwenye paji la uso, na mpaka leo ukinipapasa juu ya nyusi utakuta kibonde.

Lakini nilitaka kusema samaki.

Tulikaa Murara, nyumba ya mbao, vyumba viwili, mimi na Mama na Papa, baba yangu, na mutoto muchanga wa mugongoni. Papa alikuwa shofere wa lori, barabara ya Bunagana, kule mupakani. Alikuwa mutu wa maneno machache na kikohozi kingi, vumbi la barabara lilikuwa limehamia ndani yake. Siku moja alifika na kisanduku cha kioo mapajani, maji yamemumwagikia suruali yote, anacheka peke yake. Ndani mulikuwa samaki mumoja, mudogo kama kidole gumba changu, wa njano kama kiini cha yai.

Alipewa na Muzee Ramazani, mufanyabiashara wa Birere, mutu wa familia za Maniema, aliyeuza taa za mafuta na vioo vyake. Mutoto wake alikuwa ameleta samaki wanane kutoka Bujumbura. Wakapigana, wakalana, akabaki huyu. Muzee alimupa Papa kwa sababu Papa alimuletea shehena ya vioo vya taa kutoka mupakani bila hata kimoja kupasuka. Alimwambia kwamba mutu anayebeba vioo kwenye mashimo yale anaweza kubeba na samaki.

Munajua Goma na samaki. Sisi tunajua sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga na tilapia wa mupunga, basi. Samaki anayekaa nyumbani bila kuguswa na mafuta, kitu hicho hakikuwepo. Jirani yetu Mama Furaha alimuita nyama ya kuangalia. Kila siku ya Mungu, tukitoka misa, alichungulia dirishani na kuuliza kama bado hajafika kipimo cha sufuria. Mama alijibu kwamba yeye mwenyewe anangojea.  Papa ndiye alimupa jina Mugeni, kwa sababu, alisema, mugeni anakula kabla ya wenye nyumba, na kweli alikula kabla yetu.

Sasa musikilize namna Papa alivyonifundisha, maana kitu hicho ndicho alichoniachia, shamba hakuacha. Alitwanga sambaza wakavu mpaka unga. Alininawisha mukono kwa maji matupu, mara tatu, kwa sababu samaki anachukia sabuni. Alilowesha kidole changu, akakichovya kwenye unga ule, akakiingiza kwenye maji pembeni kabisa. Mimi nilimufuata samaki na kidole, naye akakimbilia nyuma ya jiwe. Papa akanishika kifundo cha mukono.

"Usimuendee," alisema. "Mukono ukae. Yeye ndiye atakuja."

Mukono ulikaa. Uliganda. Siku ya kwanza hakuja, siku ya pili hakuja. Siku gani alikuja nimesahau, lakini kile kinywa sijakisahau: kilikuwa kama mutu anakubusu na hana midomo. Toka hapo nikiingia tu chumbani anapanda juu, anakula kidoleni, na chakula kikiisha anabaki, anajisugua kwenye kiganja, anapita kati ya vidole kama mutoto anayepita kati ya miguu ya watu wazima sokoni. Nilirudi kutoka ziwani shingo inawaka, nikaingiza mukono, na uchovu ulikwisha. Mama Furaha alisema nimelogwa. Inawezekana.

Safari za Papa zilikuwa siku nne, tano. Ile ya mwisho, na mimi sikujua ni ya mwisho, alivaa koti lake la kijani lenye kiraka mufukoni, akapiga kioo cha Mugeni kidogo na ukucha.

"Masika, umuchunge Mugeni. Nikirudi nimukute."

Hakusema neno lingine. Lakini mutoto akipewa neno moja anajenga nyumba nzima. Zilipopita siku tano, halafu kumi, halafu siku ya Mungu ya pili, nilikuwa nimeisha kujenga: kama Mugeni anakula, Papa yuko anaendesha, Mugeni akifa, Papa hatarudi. Hakuna aliyenifundisha hivyo, padri wala Mama. Niliitengeneza mwenyewe na nikaiamini kuliko katekisimo. Asubuhi nilikuwa naogopa kufungua macho. Nilienda kwenye kioo nimeyafumba, naingiza mukono, nangojea. Kile kinywa kikinigusa ndipo nilipofungua.

Wakati huohuo ugonjwa wa kuhara ukaingia mujini. Watu walikuwa wanaanguka njiani na bidon zao. Serikali ikakataza mikusanyiko, hata matanga: aliyekufa anazikwa saa ileile na watu wachache, na hakuna kuja kulala kwa mufiwa, hakuna kupika pamoja, hakuna kulia pamoja. Kule ziwani walisimama watu wa usafi, kila mumoja na bomba la kupigia sindano hospitalini, bila sindano yenyewe, wanatia dawa ndani ya kila bidon inayopita. Walitufundisha vizuri sana. Maji yenye dawa ni uzima, maji bila dawa ni kifo. Tuliimba hivyo barabarani.

Siku moja katikati ya hayo alikuja Kasereka, kijana aliyefanya kazi na Papa juu ya lori. Alikaa kwenye baraza, akapewa chai, hakuinywa. Waliongea na Mama pole pole, mimi nilikuwa nachambua mboga za lenga-lenga. Akaondoka bila kunisalimia, na alikuwa mutu wa kunitania kila mara. Aliacha koti la Papa. Nilimuuliza Mama mbona koti limekuja bila mwenyewe. Alisema kule Papa aliko kuna joto, ameomba lifuliwe. Alilifua. Alilifua siku hiyo, na kesho yake akalifua tena, nikafikiri tu kwamba vumbi la Bunagana ni gumu.

Ilikuwa kiangazi. Pipa letu la maji ya mvua, ambalo Papa alikuwa akilitumia kwa Mugeni, lilifika chini, likabaki tope na majani. Maji ya kisanduku yakawa ya kijani, halafu yakawa kama supu. Mugeni alianza kukaa pembeni. Alikuja kwenye kidole, lakini alikuja kama muzee anayeitwa kwenye mukutano. Siku mbili hakumaliza unga. Mimi sikulala, sikula, nikawa na Papa mbele ya macho yangu, lori limesimama mahali, linangojea.

Basi nikafanya hesabu yangu. Watu wanaharisha kwa maji machafu. Mugeni yuko anaugua kwa maji machafu. Maji yenye dawa yanaponya. Munaona kwamba hesabu ilikuwa sawa kabisa.

Nilishuka ziwani na bidon ndogo. Yule wa usafi alikuwa papa mumoja, mutu wa makamo, mwenye kofia ya majani. Alipotia dawa mara moja sikuondoka.

"Papa, unitilie mara mbili," nilimwambia. "Niko na mutu wangu mugonjwa kule nyumbani."

Alinitazama vile nilivyokuwa nimekonda. Nafikiri alifikiri ni mama yangu. Akatia mara ya pili, na akaniambia Mungu atasaidia.

Mama alikuwa ameenda sokoni na mutoto. Nilimuweka Mugeni kwenye bakuli, nikatoa maji ya zamani yote kwa kikombe, nikafuta kioo kwa kitambaa, nikamwaga mapya. Yalikuwa meupe mpaka ukuta ulionekana upande wa pili. Nilimurudisha Mugeni ndani, na papo hapo akachangamuka. Alikimbia huku na huku, alipanda juu, alishuka, na nilipoingiza mukono alikuja mbio, akakinyonya kidole changu kisicho na unga, akajibana kwenye kiganja, akajisugua, akajisugua. Nilifurahi. Nilimwambia, unaona? Nilikaa hivyo muda murefu, naye ananing'ang'ania, na mimi nafikiri ni asante.

Halafu akalala ubavu.

Sijui kama niliwahi kukimbia hivyo tena, hata mulima ulipomwaga moto. Nilimutia kwenye sufuria na maji yaleyale, ndiyo, yaleyale, kutoka Murara mpaka Birere, juu ya mawe, ndara moja imebaki njiani. Watu walinipisha, walifikiri nimebeba chakula cha moto. Muzee Ramazani alikuwa mbele ya duka lake anafuta vioo vya taa. Aliangalia ndani ya sufuria, akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Umemutia maji ya dawa?"

Nilisema ndiyo, mara mbili.

Alisimama, na alikuwa muzee wa magoti mabaya, akaingia ndani, akatoka na birika lake la kutawadhia. Lilikuwa na maji ya mvua, aliyoyatunza kwenye mutungi kwa ajili ya sala, hayakuguswa na dawa. Aliyamwaga yote. Tuliinama wawili juu ya sufuria. Niliingiza mukono, nikauacha ukae. Mugeni alifungua kinywa, akafunga. Akafungua. Muadhini aliita, Muzee hakuondoka na hakuwa na maji tena ya kutawadha. Mukono wangu ulikaa mpaka ukafa ganzi, na Mugeni hakuja tena.

Muzee alisema dawa ile inaua vijidudu na haijui kubagua. Alisema si kosa langu. Sikumusikia. Mimi nilikuwa nimemuua Papa, na nilikuwa nawaza namna ya kumuambia Mama.

Nilimukuta Mama anachambua mchele kwenye baraza. Nilitua sufuria mbele yake. Nilimwambia yote mara moja: lile neno la Papa, kinywa asubuhi, macho kufumbwa, dawa mara mbili. Nilimwambia, Papa hatarudi, ni mimi. 

Mama aliweka ungo chini. Alitazama yule samaki wa njano. Halafu alichukua mukono wangu uliolowa, akaanza kuupangusa na pindo la kitenge chake, kidole kwa kidole.

"Masika, sikiliza," alisema. "Samaki amekufa leo. Papa yako alikufa mbele, kabla yake. Siku ile Kasereka alileta koti, walikuwa wameisha kumuzika Bunagana. Lori ilianguka kwenye mutelemuko."

Niliuliza, "Mbele ya maji?"

"Mbele ya maji."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama. Hata kidogo."

Na sasa nawaambia kitu nilichokimbia miaka hii yote, kile kinachoingia na harufu ya bidon. Nilifurahi. Niliambiwa Papa amekufa, na nikacheka kwa sauti, kwa sababu si mimi niliyemuua. Mwili wote ulilegea. Nilisikia njaa, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na nikamuambia Mama kwamba nataka bugali.

Miaka mingi nilifikiri aibu ya siku ile ni yangu. Nilipofiwa na mume wangu mwenyewe, majirani wakajaa nyumbani, wakanikalisha kwenye mukeka, wakalia na mimi usiku na mchana, ndipo nilipoiona siku ile kwa upande wake. Mama alikuwa ameibeba habari ile peke yake, analia kwenye maji ya kufulia koti, anangojea serikali ifungue matanga ili amulilie mume wake na watu. Alikuwa hajalitamuka neno lile kwa mutu yeyote. Mara ya kwanza alilitamuka kwa ajili ya kunifungua mimi, na aliyemusikia alicheka.

Kwetu mufiwa hapiki. Hagusi moto, wengine ndio wanamupikia. Siku ile Mama alisimama, akaweka samaki pembeni kwenye jani la ndizi, akaosha ile sufuria, akawasha jiko la makala, akanisongea bugali. Alikaa mbele yangu, akanitazama nikila mpaka nikamaliza.