Konje ya Sindano

Siku yangu ya kwanza kwenye depo ya kahawa, hapa Bunia, patron, mwenye depo, alinipa filimbi na onyo moja: "Mu mulango huu hauko na ndugu. Mwenye hakuitika, hakulipwa." Ndivyo nilivyoanza kazi ya pwanteri, yaani mwita majina. Asubuhi naita, mtu anajibu "prezan", yaani nipo, anaingia. Wanawake wa kuchagua kahawa walinichukia kwa heshima zote.

Kisha vita ikaja, na nyuma yake ugonjwa ule wa kukaza shingo. Ukatuulia Mateso, mpakizi wetu, kijana aliyebeba magunia huku akiimba. Chanjo ilipofika kituo cha afya cha Shari, foleni ilimeza siku nzima, na kwetu hakuna aliyekwenda. Nani aache malipo ya siku, na sokoni unga umepanda?

Maman Zawadi, mkubwa wa wachaguzi, alikuwa amepokea watoto wa dada yake waliokimbia vita kule Djugu. Akikosa malipo, hawali. Akifa, hawana mtu. Akamfuata patron ofisini kuomba, kwa ajili ya chanjo, likizo ya kulipwa, ile tunayoiita konje. Nami nilikuwepo.

"Sheria iko na konje ya kilio, ya ndoa, ya kuzala," patron akamwambia. "Ya sindano haiko."

"Patron, Mateso alikufa, ukalipa sanduku, ukatupa kamyo ya kumupeleka makaburi na konje ya kilio. Ulifanya muzuri, aksanti. Na miye nikikufa utalipa tu. Basi lipa siku moja ya sindano, sanduku ibakie kwa fundi."

Nilitazama viatu vyangu nisije nikacheka.

"Pwanteri," patron akasema, akinigeukia, "watu wa meza moja ya kuchagulia waende sindano kila siku. Weye ita majina yao, uandike prezan."

Kesho yake nikaita, "Zawadi!" Hayupo, yuko Shari. Wenzake wa meza zingine wote wakaitika kwa pamoja, "Prezan!" Sijapata kuipenda kazi yangu kama asubuhi ile.

Sasa nimestaafu, nalala mpaka jua linikemee. Vijana huniuliza tuliwezaje kufanya kazi miaka ile. Nawaambia, konje ya kilio ilinirudishia watu wenye macho yaliyovimba, hawasemi neno. Ile ya sindano iliwarudisha wamevimba mikono, wakinung'unika mpaka saa sita, na mimi nikawaacha wanung'unike.