Filamu Alizozimalizia Rukaiya

Namba moja ilikuwa ya mama wa theluji. Hapo Rukaiya hakutaka ubishi. Ungeweza kumshawishi kwamba ile ya mzee na mbwa wake ishuke mpaka namba nne, ungeweza hata kumbembeleza ya majambazi wa treni ipande kidogo, lakini mama wa theluji alikuwa juu na juu atabaki. Wanawake wote waliokaa kusuka ukili kwenye kivuli cha nyumba ya bi Mwanaidi pale Kibiti walilijua hilo, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona theluji, wala kupanda mahali pa juu kuliko dungu la kuamia ndege kwenye mpunga.

Filamu hizo alizionea kwenye ndege. Rukaiya binti Mudathiri alifanya kazi za ndani Uarabuni, kwa watu wenye uwezo wao, na watu hao joto lilipozidi walikimbilia Ulaya au Marekani. Walimchukua na yeye, maana mtoto wao wa mwisho hakula wala hakulala bila yeye. Bwana na bibi waliketi mbele, kwenye viti vinavyogeuka vitanda. Rukaiya aliketi nyuma na mtoto, na mtoto akishasinzia, basi. Hakuna kengele, hakuna sakafu, hakuna wa kumwita kwa jina ambalo mama yake hakumpa. Saa nane mfululizo, saa kumi, safari nyingine hata kumi na nne, na zote ni zake. Watu wengine hupumzika Ijumaa. Yeye alipumzika angani, mara mbili kwa mwaka, na hakutaka kupoteza mapumziko yale kwa usingizi.

Kiingereza hakukijua. Maandishi ya Kiarabu yaliyopita chini ya picha aliyatambua herufi, kwa sababu chuoni alisoma Kurani mpaka akahitimu, lakini yalipita mbio, na kuzijua herufi si kujua habari. Akafuata nyuso. Filamu ya watu wanaokaa mezani kuongea aliitupa chini kabisa. Ya magari kugongana aliipa nafasi ya katikati, kwa heshima ya jasho la wenyewe. Iliyopanda juu ni ile inayomruhusu mtu kulia gizani bila jirani wa kiti kugeuza shingo.

Kuna jambo moja hakuwaambia wasusi wenzake. Ndege ikianza kushuka, wahudumu hupita wakikusanya vile vidude vya masikioni, skrini zinazimwa, na filamu iliyobaki ndiyo imebaki. Mama wa theluji alikatika hapo. Alikuwa amemshika mtoto wa kike mkono, amevaa koti la njano, anakimbia kwenye weupe usio na mwisho, na nyuma yake zinakuja taa za magari. Safari ya kurudi mtoto wa bosi aliharisha njia nzima, wala Rukaiya hakugusa kitufe. Kwa hiyo mama yule aliishia wapi, hakujua.

Siku ya kwanza alipoisimulia alifika kwenye zile taa za magari akanyamaza. Mikono yote ikasimama juu ya ukindu. Tabu, binti mdogo wa bi Mwanaidi, akasema, "Enhe?" Sasa ungemjibu nini? Kwamba rubani alitua? Hadithi isiyo na mwisho haipokelewi na watu wa Kibiti, utaambiwa umekula nyama umewaachia mchuzi. Rukaiya akamvusha mama yule mpaka wa nchi, akamfikisha kwa bibi yake mtoto, akawakorogea na uji. Wanawake wakafuta machozi kwa ncha za kanga. Tangu siku ile kila filamu iliyokatika akaimalizia.

Ningependa kuishia kwenye huo uji, lakini yupo Shamsia.

Shamsia alikuwa dada yake Tabu, mtoto wa kwanza wa bi Mwanaidi. Aliondoka pamoja na Rukaiya, kwa mkono wa wakala yuleyule, Bwana Yassin, mtu wa safu ya mbele msikitini na mwenye sauti ya taratibu. Aliondoka kwa ugomvi. Mama yake alikataa asiende, binti akaenda, na radhi haikutolewa. Kule aliwekwa nyumba ya kaka yake bosi wa Rukaiya, ukuta mmoja, geti moja. Akashikwa na homa. Bibi wa nyumba ile akasema anajidai mgonjwa, kisha akaogopa asije akawaambukiza watoto, akamfungia chumba cha kufulia, ufunguo ukaning'inia msumarini upande wa nje. Rukaiya aliuona ule ufunguo kila alipopita. Alimpitishia maji na panadol kwenye nondo za kidirisha. Alimwendea bosi wake, akaambiwa nyumba si yake asiingilie ya watu. Kisha ikaja safari. Akamwambia Shamsia kidirishani kwamba atarudi, avumilie. Aliporudi, chumba kile kilikuwa na msichana mwingine, anakunja mashuka.

Kibiti ilifika habari tofauti kabisa. Shamsia amefia hospitali, moyo umesimama, madaktari wamemzunguka. Bwana Yassin mwenyewe aliileta, akaleta na mchele na sukari, akasimamia khitma mpaka ikaisha, na watu wakamshukuru.

Mkataba ulipokwisha Rukaiya akarudi, na kabla hajafungua begi alikwenda kwa bi Mwanaidi akamweleza aliyoyaona. Mlango, ufunguo, kidirisha. Bi Mwanaidi alisikiliza yote. Mwishoni akauliza jambo moja tu: mwanawe alisema nini alipokuwa anakata roho? Hapo Rukaiya angesema kweli, kwamba saa ile alikuwa juu ya bahari. Akautazama ule uso. Akasema, "Alikuita, bi Mwanaidi. Alisema, mama yangu aniwie radhi."

Mama yule alilia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu msiba. Tangu hapo, kila akimaliza kuswali aliinua mikono akasema kwa sauti kwamba amemwia radhi Shamsia, duniani na ahera, na akaanza kula tena. Akaanza na kukasirika. Tabu alikuwa ameshaandikishwa kwa Bwana Yassin, kwa maana mafuriko yalichukua shamba lao la Maparoni na ndani hapakuwa na mtoto wa kiume. Bi Mwanaidi akasema Tabu haendi popote, na wakala atajibu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku ikapangwa. Rukaiya ndiye shahidi, na hapakuwa na mwingine.

Kabla ya siku hiyo filamu ikaja.

Dulla, mwenye banda la video karibu na stendi, alibandika picha ukutani: theluji, koti la njano, mtoto wa kike. Wasusi waliitambua kabla hawajavuka barabara. Ilikuwa imetiwa Kiswahili na wale vijana wa Dar wanaoongea juu ya kila mtu, mwanamume na mwanamke sauti moja. Wakaenda wote baada ya adhuhuri, kwa fahari, kama watu wa harusi, na Rukaiya wakamkalisha mbele. Yeye mwenyewe alitamani kuuona mwisho. Kwa hilo Mungu amsamehe, alikwenda kwa furaha.

Filamu haijafika hata robo, sauti ikasema: huyu si mama yake mtoto, huyu ni mwizi wa watoto. Mama wa kweli ni yule mwanamke wa nywele fupi anayelia dirishani, ambaye Rukaiya siku zote aliwasimulia kama mchawi. Vichwa vikaanza kugeuka. Zile taa za magari zilikuwa za polisi. Mwenye koti la njano akatiwa pingu kwenye theluji, mtoto akarudishwa kwa mwenyewe, na nyuma ya banda mtu mmoja akauliza uji umefika wapi. Wakacheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio wabaya, kwa sababu walikuwa wanakumbuka machozi yao na kuyadai.

Mwenyekiti alipowakutanisha, Bwana Yassin hakujitetea. Alikuja na kanzu safi, akawasalimu wote, akaomba ruhusa amuulize mwanawe Rukaiya mambo mawili matatu, na alimwita mwanangu kweli.

"Mwanangu, siku Shamsia anafariki, wewe ulikuwa wapi?"

Rukaiya akasema alikuwa safarini. Akaulizwa safarini wapi. Akasema kwenye ndege.

"Ukifanya nini?"

Angeweza kusema alikuwa analea mtoto, na ingekuwa kweli nusu. Lakini alikuwa amechoka kumalizia. "Nilikuwa naangalia filamu," akasema.

"Ipi?"

Ilikuwa ya mama wa theluji, na hapakuwa na haja ya kuitaja. Mwanamke mmoja pale kwenye benchi aliguna.

"Na hayo maneno ya kuomba radhi," Bwana Yassin akasema taratibu, "ni nani aliyeyasikia?"

Rukaiya akamtazama bi Mwanaidi. Akasema mlango ulifungwa kwa nje, ufunguo aliuona kwa macho yake, maji aliyapitisha kwa mkono wake huu.

"Sijakuuliza mlango, mwanangu."

Njia ya mwongo ni fupi, mwenyekiti akasema, akaongeza kwamba majina ya watu wa heshima hayachezewi. Bwana Yassin akasimama akamsamehe mbele ya wote, na wakamsifu kwa moyo wake. Ndivyo ilivyokuwa. Neno moja Rukaiya alilolisema kwa huruma liliyaua yote aliyoyaona, na mlango ule wa chumba cha kufulia ukafungwa mara ya pili, safari hii Kibiti, mchana, mbele ya watu wanaoswali.

Nje bi Mwanaidi alimngoja. Hakumtukana. "Mengine yote ningekusamehe," alisema. "Lakini nimelala na lile neno. Nimeswali nalo. Sasa mwanangu ameniomba radhi au hajaniomba?" Rukaiya akasema hajui. Akajaribu kumwambia kwamba Shamsia alikuwa peke yake na hakuna anayejua, na hicho ndicho alichotaka watu wakisikie. Bi Mwanaidi alikuwa ameshageuka.

Kwenye kivuli kile cha kusukia hakukaribishwa tena. Watoto wa mtaani wakampa jina la Theluji. Alisuka mikeka yake peke yake, na ukimpita ungedhani ni mtu asiye na la kusema.

Tabu aliondoka mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Rukaiya alimfuata stendi, akamkuta amekaa juu ya begi jipya, mikono imejaa hina, Bwana Yassin yuko ng'ambo ananunua maji ya njiani. Tabu akamwamkia vizuri. Hakuwa na chuki, yule mtoto. Alisogea ampe nafasi kwenye begi, akashusha sauti, akamuuliza: da Rukaiya, nikishapanda ndege, nianze na ipi? Na zile za chini kabisa ni zipi, nisije nikapoteza muda?

Rukaiya akamtajia. Afanyeje? Akamwambia ya mzee na mbwa, maana haina maneno mengi. Akamwambia asianze filamu ndege ikikaribia kutua. Na Tabu anaitikia, anahesabu kwenye vidole vyenye hina. Rukaiya akaona hapo ndipo anaposikilizwa, hapo tu, basi akaendelea bila kubadili sauti. Akamweleza habari ya msichana mmoja aliyekuwa na homa. Akamweleza chumba cha kufulia, na ufunguo uliokuwa msumarini upande wa nje, na kidirisha chenye nondo kinachopitisha kikombe kikilazwa ubavu. Akamwambia msichana yule mwanzoni aligonga, kisha akawa anakwaruza kwa kucha. Akamwambia Tabu afiche simu ndogo, na siku akiona bibi wa nyumba anamnyooshea chumba cha namna hiyo akimbilie getini na apige kelele mpaka majirani watoke, hata wampige, asikubali kuingia mle.

Tabu alisikiliza yote, kama alivyomsikiliza siku zote. Konda wa basi la Dar alianza kuita majina. Msichana akasimama, akakung'uta kanga, akamshika Rukaiya bega kwa upole, kama unavyomshika mgonjwa.

"Na hii, da Rukaiya," akasema, "ni namba ngapi?"