Koo la Kuku wa Mama Kavira

Hadi leo watu wa Vulamba wakiniona sokoni huwika kama jogoo, na wana haki.

Waasi, barebele kama tunavyowaita, walikuwa wameondoka, tumerudi kutoka porini, mvua za kupanda zimeanza. Nikapanda maharagi. Asubuhi ya tatu nikayakuta yamefukuliwa.

Kuku wangu sita sikuwashuku. Nilikuwa nimewafungia bandani, kama desturi yetu ya majira ya kupanda, na kila jioni niliwahesabu mara mbili. Nje alibaki kuku mmoja tu, wa jirani yangu, Mama Kavira, mjane. Nikaita majirani, nikadai achinjwe, tupasue koo lake tuone mbegu zangu.

"Papa Kambale," akasema, "hii kuku nilimubeba mu kitunga mpaka pori, nikamufunga mudomo juu barebele basisikie. Batoto bangu banakula mayai yake. Donc utamuua juu ya maharagi?"

"Koo hapana danganya, mama," nikajibu, kama hakimu.

Akanikabidhi kuku mwenyewe. Nikachinja. Kooni mlikuwa na majani na mchwa tu. Kwa ubishi nikapasua na tumbo. Nikakuta yai, ganda limeshakomaa.

Nilipoinua kichwa, majirani walikuwa wakitazama nyuma yangu. Banda langu lilikuwa na tundu nisilolijua, na kuku walitoka humo mmoja mmoja, bila haraka, wakielekea kwenye maharagi.

"Hesabu, papa," Mama Kavira akasema.

Nikahesabu mara mbili. Walikuwa sita.