Siku Niliyoongeza Basoda

Juzi binti yangu alirudi na daftari lake la Kiingereza akaniuliza: "Maman, *to dramatize* ni nini?" Nikamwambia aniache kwanza, niko na moshi mu macho. Moshi gani, ndugu yangu, na makala ya jiko yalikuwa hayajawashwa!

Neno hilo nilifundishwa shuleni kwetu Bagira, miaka ya vita. Mwalimu wetu aliliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mukavu, maana chaki ilikwisha. Alisema ni kuchukua hadithi na kuicheza kama teatri, ao kutia chumvi mu mambo. Akanisimamisha nicheze habari ya mbuzi aliyeingia kanisani. Darasa lilicheka mpaka machozi. Mimi huyu! Mtoto wa peke yake, nalelewa na nyanya yangu, koko, mtu wa maneno machache sana. Aliyekuwa ananisikiliza ni mmoja tu, rafiki yangu, binti wa maman jirani. Kila jioni tulitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja, tukipokezana mchi.

Siku hiyohiyo nilienda kuchota maji. Basoda watatu, wanajeshi wenye bunduki, walipita, mmoja akaomba maji, akanywa, akasema aksanti. Basi. Lakini kufika kiwanjani kwetu nikatupa bido la maji chini, nikapiga kelele: basoda wengi, wanatoka upande wa Miti, wanabeba mabomu, wanauliza nyumba zenye wasichana! Nililia machozi ya kweli. Watu wote waliacha kazi wakinitazama na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Maman jirani hakuuliza mara mbili. Alifunga godoro, akawatanguliza watoto wake, wakashika njia ya kwa ndugu zake Luhwindja. Rafiki yangu aligeuka, akasema, "Tutaonana, eh!" Nilitaka kusema, lakini ningeitwa mwongo mbele ya watu wote. Nikampungia mkono tu.

Hakuna soda aliyekuja wiki ile. Wao pia hawakurudi. Jioni nilitwanga peke yangu, na nilimkosa rafiki yangu vibaya sana.

Mwisho nikamwambia koko ukweli: walikuwa watatu, na waliomba maji tu. Nilingojea fimbo. Aliacha kuchambua maharage, akaniangalia.

"Mutoto wangu, sasa utaenda kumwambia nani?"

Koko amekufa, kiwanja kile kimejengwa nyumba za watu wengine. Kila nikikutana na mtu wa Luhwindja, ninamutajia jina la rafiki yangu. Wote wananiambia hawamujui.