Mama Yangu wa Kidato cha Tatu

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Mpanda, mahali ambapo miombo ilikuwa haijakatwa, na asubuhi za masika ukungu uliingia hadi kanisani. Tuliimba sala za alfajiri nusu usingizini, tumevaa masweta ya bluu, na mara nyingine sikujua kama wimbo ulikuwa unatoka kwangu au nilikuwa nauota.

Sikuwa Mkatoliki. Kwetu Mwamkulu tulikuwa wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Baba alinipeleka kwa masista kwa sababu alisikia kwamba huko mabinti wanasoma hadi wamalize.

Ilikuwa desturi ya shule kwamba kila msichana wa kidato cha kwanza apewe mama, yaani dada wa kidato cha tatu wa kumlea. Wangu alitoka Kibaoni, alikolelewa na bibi yake. Alikuwa mrefu, na aliongea chini mno, ikabidi umsogelee ndipo umsikie. Alinifundisha kufunga chandarua, kutandika kitanda, kupiga goti.

Asichoweza kunifundisha ni kulala. Baada ya chakula cha mchana ilikuwepo saa ya ukimya, shule nzima ikajilaza. Bati la paa lilikuwa likialika kwa joto, nyuki wakivuma kwenye mizinga ng'ambo ya uzio, na wenzangu wote wakazama usingizini. Mimi nilikodoa macho na machozi yakanitoka.

Siku moja alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu. "Mwanangu, unakosa nini?" akaninong'oneza.

Niliona aibu, lakini nikamwambia. Nyumbani zizi lilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba chetu. Nilizoea kulala nikisikia ng'ombe wanahema.

Hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akaanza kuhema, pumzi ndefu na nzito kupitia puani, anatulia, anahema tena. Msichana wa kitanda cha jirani aliinua kichwa akatuangalia, akakilaza. Sikumbuki kilichofuata, maana nilikuwa nimelala. Alifanya hivyo siku nyingi, hadi nikazoea.

Alipofika kidato cha nne, mahafali yao yaliangukia siku ya wazazi. Mama yangu mzazi alikuja na dumu la maziwa ya mgando, na nikamkalisha karibu nami kwenye benchi la nyuma. Nilimweleza mambo yatakavyokwenda. Kila mhitimu angepiga goti mbele ya altare, na mzazi wake angemfunika mabegani kitenge kipya na kumwombea. Wakati huo hakuna ambaye angeimba wala kuongea.

Bibi wa Kibaoni hakuja. Miguu ilikuwa imemvimba, asingeweza kupanda basi. Jana yake nilikuwa nimemwomba sista mlezi aniruhusu nimfunike mimi.

"Wewe ni mtoto wake," sista alinijibu kwa upole. "Anayefunika ni mzazi. Nitamfunika mimi."

Walienda mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake alipiga goti peke yake, mgongo umenyooka, na sista akainuka taratibu kutoka kwenye kiti chake. Mama akaniinamia.

"Ni yule aliyehema kama ng'ombe?" aliniuliza kwa Kisukuma.

"Ndiye, mayu."

Akasimama. Nilidhani anatoka nje. Alipita katikati ya mabenchi, kandambili zake zikipiga sakafu katika ule ukimya, huku akifungua kitenge alichojitanda mabegani. Hakikuwa kipya. Kilikuwa na rangi ya udongo pembeni na harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Sista alimwona, akasimama pale alipokuwa, kisha akarudi kukaa.

Mama alimfunika. Hakujua sala za pale, kwa hiyo alimwekea kiganja kichwani na kusema jambo ambalo hutuambia sisi watoto wake tukitaka kusafiri.

"Ng'wanone, mwanangu, nenda vizuri. Urudi nyumbani."

Mabega ya yule dada yakaanza kutikisika. Nami nilikuwa nalia, na hata sasa nikijaribu kuikumbuka sehemu hiyo naiona kama kupitia maji: mwanga wa madirishani, vitambaa vyeupe vya masista, wanawake wawili ambao walikuwa hawajawahi kusalimiana. Halafu mtu fulani akaanza wimbo na sote tukaufuata.

Jioni hiyo yule dada alitaka kumrudishia mama kitenge. Mama alikataa, akaniomba nimtafsirie kwamba mtu harudishiwi nguo aliyomvisha mwanawe.

Siku hizi dada huyo ni mkunga huko Kibaoni. Baba akipeleka ng'ombe mnadani upande ule, mama hufuatana naye, na hawalali kwingine ila kwake. Wakirudi, ninapiga simu kuulizia hali zao, na mama huanza kwa kunieleza habari za dada yangu: amepanda mpunga, amemzika bibi yake vizuri, mtoto wake wa mwisho ameota meno. Zangu huniuliza baadaye.